Neno la mtafutaji na neno la mwandishi: jinsi wasomaji wanavyoyafikia maandishi ya Kiswahili

0. Utangulizi

Mwandishi anapomaliza makala huyapa kichwa. Kichwa hicho amekichagua yeye, kwa lugha ya taaluma yake na kwa kuwafikiria wenzake waliosoma vitabu vilevile. Msomaji asiyemjua mwandishi wala kichwa hicho huja na kitu kingine: neno lake mwenyewe, au maneno mawili matatu aliyoyaunganisha upesi, mara nyingi bila alama za uakifishaji na bila kujali tahajia. Ikiwa neno la msomaji na neno la mwandishi hayakutani, makala hubaki pale yalipo, hata kama yana jibu lote alilolihitaji yule aliyekuwa akitafuta.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja lenye sehemu mbili. Kwanza, ni kwa njia gani mwandishi aliyeweka maandishi yake katika intaneti anaweza kuyajua maneno yaliyomletea wasomaji. Pili, maneno hayo yanatufundisha nini kuhusu Kiswahili, na hasa kuhusu Kiswahili kisemwacho Kongo, ambacho wasemaji wake hutafuta kwa maneno yasiyopatikana daima katika maandishi ya Kiswahili sanifu. Sehemu ya kwanza ni ya ufundi, nasi tutaieleza kwa kadiri tu inavyohitajika ili ya pili ieleweke. Sehemu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi watu wa lugha, na ndiyo iliyotusukuma kuandika.

1. Swali lililozitangulia mashine

Si kweli kwamba swali hili lilizaliwa na kompyuta. Mwaka wa 1876 mkutubi wa Kimarekani, Charles Ammi Cutter, alichapisha kanuni za kutengeneza katalogi ya maktaba iliyopangwa kama kamusi. Cutter alishikilia kwamba katalogi hutengenezwa kwa ajili ya wasomaji, wala si kwa ajili ya kumrahisishia mkutubi kazi. Kitu kikiwa na majina mawili, litumike lile ambalo wasomaji wamelizoea. Na mahali pa jina la pili iwekwe kadi ya kumwelekeza atakayefika hapo. Kadi hiyo yenye neno «tazama» ilikuwa ndogo, lakini ilibeba wazo kubwa: kwamba mtafutaji hana kosa kwa kuja na jina lisilo letu.

Watungaji wa kamusi za Kiswahili nao walikutana na tatizo hilo mapema, kwa sababu maneno yetu mengi huanza na viambishi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka wa 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson hukusanya majina mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake. Mpango huo ni mzuri kwa mtu anayeijua sarufi, maana huona ukoo mzima wa neno mahali pamoja. Kwa mwanafunzi anayeanza ni kinyume chake: ili alipate neno, yampasa kwanza ajue kile alichokuja kukitafuta. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1981 ilifuata njia nyingine, ikayaweka majina mahali pa herufi yake ya kwanza, pamoja na kiambishi chake. Kila mpango kati ya hiyo miwili unamfikiria msomaji wa namna fulani. Ila watungaji wa zamani hawakuwa na njia ya kumwona msomaji huyo akifungua kitabu, walimkisia tu.

2. Jinsi neno linavyomfikia mwandishi

Intaneti, kwa muda wa miaka kama kumi na mitano, iliondoa kisio hilo. Mtu alipobofya kiungo, kivinjari chake kiliipelekea seva ya ukurasa alikokwenda anwani ya ukurasa alikotoka. Zamani anwani ya ukurasa wa matokeo ya injini ya utafutaji ilikuwa imebeba ndani yake maneno aliyoyaandika mtafutaji. Kwa hiyo seva ilipoandika katika daftari lake kwamba fulani amefika saa fulani kutoka mahali fulani, iliyaandika pia maneno yake. Mwenye ukurasa aliweza kufungua daftari hilo na kuyasoma mstari kwa mstari. (Kwa watu wa tahajia kuna kichekesho hapa. Jina la Kiingereza la sehemu hiyo ya ujumbe liliandikwa kwa kukosea, likipungukiwa na herufi r moja. Kosa hilo likaingia katika waraka rasmi wa kanuni za mtandao wa mwaka wa 1996, na hadi leo mashine za dunia nzima hulitii. Usanifishaji nao una ajali zake.)

Dirisha hilo lilifungwa kwa hatua mbili. Mnamo Oktoba 2011 Google ilianza kusimba maneno ya watafutaji waliokuwa wameingia kwa akaunti zao, na mnamo 2013 ikafanya hivyo kwa takriban watafutaji wote. Pale palipokuwa na maneno, daftari likaanza kusema tu kwamba hayakutolewa. Wenye kurasa walilalamika sana. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba sababu ya faragha ilikuwa ya bure. Mnamo Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilikuwa imetoa hadharani, kwa nia ya kuwasaidia watafiti, maneno ya utafutaji yapatayo milioni 20 ya watu wapatao 650,000, yaliyokusanywa kwa miezi mitatu. Majina yalikuwa yameondolewa. Kila mtu alikuwa namba tu. Baada ya siku chache waandishi wa gazeti la New York Times walimtambua mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia kwa kusoma yale aliyoyatafuta, kisha wakaenda kuzungumza naye nyumbani kwake. Maneno ya utafutaji ni maneno ambayo mtu huyasema akiwa peke yake. Mtafiti wa isimujamii, aliyezoea kuomba idhini kabla ya kuwasha kinasa sauti, aikumbuke habari hii.

Kilichobaki ni hesabu zinazotolewa na injini zenyewe. Google huzitoa kwa programu iitwayo Search Console, jina ambalo limetumika tangu mwaka wa 2015. Bing nayo ina yake. Mwenye ukurasa huthibitisha kwanza kwamba ukurasa ni wake, kisha huonyeshwa orodha ya maneno na, kwa kila neno, idadi nne: ni mara ngapi ukurasa wake ulitokea katika matokeo, ni mara ngapi ulibofywa, uwiano wa idadi hizo mbili, na nafasi ya wastani uliyoishika. Kumbukumbu hizo hurudi nyuma miezi 16.

Wengi huisoma orodha hiyo kwa kutazama tu maneno ya juu, yaliyoleta wasomaji wengi. Kwa maoni yetu hayo ndiyo yasiyofundisha sana, maana mara nyingi ni kichwa cha makala au jina la mwandishi: msomaji huyo alikuwa anajua anachokitaka. Andrei Broder, katika makala yake ya mwaka wa 2002, alitofautisha makusudi matatu ya watafutaji: wapo wanaotaka kufika mahali wanapopajua, wapo wanaotaka habari, na wapo wanaotaka kutenda jambo kama kununua au kupakua. Mwanachuoni anahitaji kuwaona wale wa kundi la pili. Hao huonekana katikati na mwisho wa orodha, penye maneno yaliyoonyeshwa mara nyingi lakini hayakubofywa, au yenye nafasi ya thelathini na arobaini, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Neno la namna hiyo linasema kwamba kuna watu walioulizia jambo hili, nawe ulikuwa karibu na jibu, lakini ama kichwa chako hakikuwaita, ama hukulitumia neno lao.

Kuna kizuizi ambacho mtumiaji wa Kiswahili lazima akijue. Google haionyeshi katika orodha hiyo maneno ambayo hayakutafutwa na zaidi ya watu makumi kadhaa katika muda wa miezi miwili au mitatu. Hufichwa ili mtu mmoja asitambulike. Kwa Kiingereza au Kifaransa kizuizi hiki hufuta maneno ya ajabuajabu na kuacha yale ya kawaida. Kwa lugha inayoandikwa na wachache katika intaneti hufuta mengi ya kawaida pia. Fungu la maneno manne kwa Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu laweza kuwa swali la kila siku barabarani na bado lisifikie idadi inayotakiwa. Kwa bahati nzuri pengo lenyewe hupimika kwa kiasi fulani: jumla ya mibofyo ya ukurasa mzima huzidi jumla ya mibofyo ya maneno yaliyoorodheshwa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na yale yaliyofichwa. Anayefanya utafiti wa lugha zetu kwa kutumia orodha hizi bila kuitaja tofauti hiyo anawahesabu watu wa mjini peke yao na kuita hesabu hiyo sensa ya nchi.

Tuongeze kwa kifupi kwamba tangu 2024 Google huweka katika nchi nyingi majibu yaliyotungwa na mashine juu ya orodha ya matokeo. Msomaji aweza kupata jibu lililotokana na makala yako bila kufika kwako, na neno lake likahesabiwa kama lililoonyeshwa tu.

3. Ushahidi wa kamusi moja

Kuna daftari jingine ambalo halikufungwa mwaka wa 2013: lile la maneno yanayoandikwa katika kisanduku cha kutafutia cha kamusi au maktaba yenyewe. Hapo mwenye kazi hahitaji ruhusa ya Google. Kwa Kiswahili tunao mfano mzuri sana, nao ni ule wa kamusi ya mtandaoni ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa na Sarah Hillewaert na Gilles-Maurice de Schryver wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji.

Mwaka wa 2006, katika jarida la Lexikos la Afrika Kusini, de Schryver na wenzake walilinganisha maneno yaliyotafutwa katika kamusi hiyo na idadi ya matukio ya maneno hayohayo katika kopasi ya Kiswahili. Leksikografia ya wakati huo iliamini sana kopasi: neno linalotokea mara nyingi katika maandishi ndilo linalostahili kuingizwa kwanza na kuelezwa kwa urefu. Jibu lao lilishtua. Ukiacha maelfu machache ya maneno ya juu, waliona kwamba matukio katika kopasi hayakuweza kutabiri watu watatafuta nini. Kwa maneno mengine, kamusi ilikuwa ikipangwa kwa mizani ya waandishi, ilhali wasomaji walikuja na mizani nyingine.

Habari haikuishia hapo. Mwaka wa 2014 watafiti wa Ujerumani, wakitumia kumbukumbu za kamusi za Kijerumani, walitoa hoja kwamba maneno yanayotumika sana ndiyo pia yanayotafutwa sana. De Schryver hakung'ang'ania msimamo wake. Mwaka wa 2019, pamoja na Sascha Wolfer, ambaye alikuwa mmoja wa Wajerumani hao, na Robert Lew wa Poland, alirudi kwenye kamusi ileile ya Kiswahili akiwa sasa na kumbukumbu za miaka kumi, wakaona kwamba uhusiano kati ya matukio na utafutaji upo. Tumeirudia historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili, ambacho mara nyingi huletwa katika nadharia kama mfano wa mwisho wa kuthibitisha yaliyokwisha kusemwa kuhusu lugha nyingine, hapa kilikuwa uwanja wenyewe wa mjadala. Ya pili ni kwamba orodha ya maneno ya utafutaji haijisemei: hesabu ikifanywa kwa njia nyingine au kwa muda mrefu zaidi, hutoa jibu jingine.

Lakini hata yule asiyependa takwimu anaweza kutumia sehemu moja ya daftari la namna hii mara moja, nayo ni maneno yaliyotafutwa na yasipatikane. Kwa mtunga kamusi, hiyo ni orodha ya kazi iliyoandikwa na wasomaji wenyewe. Ndani yake mna makosa ya vidole, mna majina ya watu, mna matusi ya kutosha. Na katikati ya takataka hizo mna maneno halali ya lugha ambayo kamusi imeyasahau.

4. Injini na ngeli

Tuje sasa kwenye lugha yenyewe. Hatua ya kwanza ya utafutaji ni kulinganisha herufi. Kwa mashine inayofanya hivyo tu, «anasoma», «walisoma», «tusome», «msomaji», «wasomaji», «usomaji» na «masomo» ni maneno saba yasiyojuana. Kiingereza kina tatizo hilo kwa kiasi kidogo, na mabadiliko yake mengi yako mwishoni mwa neno. Ndiyo sababu kanuni alizozitunga Martin Porter mwaka wa 1980 za kukata mwisho wa maneno ya Kiingereza zilienea upesi katika mashine za kutafutia. Kiswahili hubadilika mbele na nyuma kwa pamoja. Kitenzi kimoja, kikichukua viambishi vya nafsi, vya wakati, vya yambwa na vya unyambulishaji, huweza kutoa maumbo maelfu, na karibu yote yanatofautiana tangu herufi ya kwanza.

Kazi ya kuifundisha mashine mofolojia hiyo ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili, na mwaka wa 1992 alieleza misingi yake katika jarida la Nordic Journal of African Studies. Injini kubwa za leo hazitegemei kanuni zilizoandikwa na mwanaisimu. Hujifunza zenyewe kutoka maandishi mengi kwamba maneno fulani hukaa mahali pamoja. Uwezo wao ni mkubwa. Hata hivyo hujifunza kutoka yale yaliyoandikwa, na maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo katika intaneti yametoka Tanzania, Kenya na idhaa za nchi za nje. Ndiyo kusema kwamba Kiswahili wanachokijua vizuri si kile kinachoandikwa na kijana wa Kamalondo au wa Kadutu.

Kijana huyo huandika «mutoto» na «batoto», «bantu» au «batu», «bintu» au «bitu». Kiambishi mu- hakikupoteza irabu yake kwake, na mahali pa wa- na vi- anaweka ba- na bi-. Mahali ambapo Kiswahili sanifu huongeza -ni mwishoni, yeye hutanguliza «ku» au «mu» kama neno la peke yake. Kwa macho ya mwanaisimu hizi ni tofauti chache zinazofuata kanuni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuziorodhesha kwa saa moja. Kwa mashine inayolinganisha herufi ni lugha nyingine.

Yako pia maneno yenye umbo moja na maana mbili, na haya ni mabaya zaidi kwa kuwa hakuna anayegundua kosa. Huko Lubumbashi «masomo» ni shule, pale watoto wanapokwenda asubuhi. Kwingineko ni mafundisho au vipindi. Mzazi anayetafuta «masomo ya muzuri» ataletewa hotuba na mahubiri kabla ya kuletewa shule yoyote.

5. Sombe, sida na kolera

Mifano iliyotangulia yaweza kuonekana kama mchezo wa wataalamu. Tuchukue mingine.

Majani ya mihogo huitwa kisamvu Tanzania. Kivu na Maniema ni sombe, Kinshasa ni pondu, na wengine husema sakasaka. Majani hayo yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu, yasipotwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Tuseme mtaalamu wa lishe ameandika maelezo safi ya jinsi ya kuyatayarisha, na katika kurasa zote nane ametumia neno «kisamvu» peke yake kwa kuwa ndilo lililomo katika kamusi. Mama wa Uvira anayeandika «kupika sombe» hatayaona. Mtaalamu naye, akifungua orodha yake, hataliona neno «sombe», kwa sababu ukurasa wake haukuonyeshwa kabisa kwa neno hilo. Hapa ndipo panapoonekana upungufu wa orodha hizi: zinakuonyesha maneno ya waliokukaribia. Waliopotea mbali hawaonekani popote.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Ugonjwa ambao Tanzania na Kenya unaitwa ukimwi, Wakongo wengi wanauita sida, kwa kifupisho cha Kifaransa. Anayeandika «dalili za sida» huletewa kurasa nyingi za Kifaransa. Si hilo tu: Sida ni jina la shirika la misaada la Uswidi, na katika Kiswidi neno hilohilo lina maana ya ukurasa, kwa hiyo limejaa katika tovuti za nchi hiyo. Maelezo mazuri ya Kiswahili kuhusu dawa za kurefusha maisha yapo, yameandikwa kwa miaka mingi Dar es Salaam na Nairobi, lakini yapo chini ya neno «ukimwi». Vivyo hivyo kwa kipindupindu, ambacho wengi wetu husema kolera, ingawa neno la kwanza nalo linajulikana. Na kwa malaria, ambayo mgonjwa wa Lubumbashi huita kwa ufupi palu.

Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya matangazo ya afya. Lilikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu vilivyotumika katika matangazo hayo havikueleweka vyema kwa watu wengi, nao walitaka maelezo marefu zaidi kwa Kiswahili cha kwao. Uchunguzi huo ulihusu mabango na vipeperushi, ambavyo humfuata msomaji hadi mlangoni. Katika utafutaji mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtu asipojua neno la tangazo hata halioni.

6. Mambo yanayowezekana

Dawa ya kwanza ni nyepesi kiasi kwamba waandishi wengi huidharau. Jambo linapotajwa mara ya kwanza, litajwe kwa majina yake yote mawili au matatu, ndani ya sentensi ya kawaida: kisamvu, ambacho mashariki ya Kongo huitwa sombe. Mara moja inatosha. Baadaye mwandishi aendelee na neno analolipenda. Kurundika majina kumi mwishoni mwa ukurasa kwa ajili ya mashine ni jambo jingine. Injini zimeshajifunza kuutambua ujanja huo na kuuadhibu, na hata zisingeutambua, ungechafua maandishi. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu huona kuandika «batoto» au «palu» katika makala ya chuo ni kuteremsha hadhi ya Kiswahili bora. Hatukubaliani nao. Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka wa 1939, alijaza kitabu chake maneno ya lahaja na kuyatia alama ya mahali yanaposemwa, wala hakuna anayesema kwamba aliishusha lugha.

Dawa ya pili inahusu tasnifu. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu huandikwa kwa Kifaransa hata zinapozungumzia Kiswahili, na muhtasari wake huwa wa Kifaransa na Kiingereza. Muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiswahili, wenye maneno ambayo waliohojiwa na mwanafunzi waliyatumia wenyewe, ungewawezesha watu hao kuyafikia yaliyoandikwa juu yao.

Ya tatu haihitaji umeme. Mkutubi awe na daftari mezani, na kila mwanafunzi au mgeni anapouliza kitabu, ayaandike maneno ya swali kama yalivyosemwa kabla ya kuyageuza kuwa maneno ya katalogi, bila jina la aliyeuliza. Kumbukumbu ya namna hii haina kizuizi cha watu makumi kadhaa, na huwaonyesha hata wale walioondoka mikono mitupu.

Tutoe onyo moja kwa watakaotaka kuzitumia orodha hizi kama kopasi. Lugha ya utafutaji ni lugha iliyokatwakatwa. Mtu anayeandika «dawa kikohozi mtoto» hasemi hivyo na mkewe. Ameacha viunganishi kwa sababu anajua anaongea na mashine. Tahajia, msamiati na mchanganyiko wa Kifaransa vinaweza kuchunguzwa humo kwa faida. Sintaksia haifai kabisa kuchunguzwa humo.

Tumalizie kwa kazi moja iliyo karibu nasi. Mwaka wa 1965, kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, André Yav alitunga kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine ya ofisini, nacho ni historia ya mji huu kama walivyoiona wale waliowapikia na kuwafulia Wazungu. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha hapa, kwa tahajia na mgawanyo wa maneno usiofuata kitabu chochote, kiasi kwamba Johannes Fabian, aliyekichapisha upya mwaka wa 1990 pamoja na tafsiri, alihitaji kwanza kisomwe kwa sauti na msemaji wa lugha ndipo aweze kukiandika tena. Baadaye kikawekwa katika intaneti, wazi kwa kila mtu. Lakini kichwa chake ni «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Kimeitwa msamiati ilhali ni historia. Kichwa ni cha Kifaransa ilhali matini ni ya Kiswahili. Na jina la mji lililomo lilibadilishwa mwaka mmoja tu baada ya kijitabu kutoka. Mwanafunzi anayeandika leo «historia ya Lubumbashi» ana neno sahihi kwa kila upande, nalo halimo katika kichwa hicho hata moja. Kadi ya «tazama» ya kumtoa hapo na kumfikisha kwa Yav ingekuwa na mistari miwili, na inaweza kuandikwa wiki hii na yeyote mwenye ufunguo wa katalogi ya idara.